Tarehe ya Kuokoka

Katibu Asiligwa amenipa fomu.
Jina nimejaza. Mtaa: Dandora, Awamu ya Pili.
Kazi: kuchomelea mageti, Kariobangi.
Kisha mstari wa nne: tarehe ya kuokoka.
Kalamu imegoma hapo
kama punda wa maji aliyeona mtaro.

Tarehe ipi, Katibu?

Si ile Jumapili ya vipaza sauti,
walipofunga barabara kwa viti vya plastiki,
na kijana wa tai nyekundu akanishika bega,
akaniuliza, nikifa usiku huu nitaamkia wapi.
Nilimwambia nitaamkia kazini.
Akaandika kitu daftarini, akamwendea mwingine.
Karatasi aliyoniachia nilifungia misumari.

Labda ni siku ile Nyamoita wa mlango wa sita
alipobisha kuomba pasi.
Yake imeungua, na zamu hospitalini ni saa moja.
Nikampa bila kumtazama.
Jioni ikarudi, waya uliochunika umezungushwa utepe,
na ndizi mbili ndani ya gazeti.
Hakumtaja Mungu.
Nilingoja amtaje. Jibu nilikuwa nimeshalinoa.

Mwaka mzima ile pasi ilivuka ua,
ikienda na kurudi kama mshenga.
Akajua Mwende wangu hali maharagwe.
Akajua siku ninazolewa,
akawa anaiacha taa ya mlangoni ikiwaka,
landilodi akifoka juu ya bili,
nisije nikajikwaa kwenye mabeseni ya watu.
Nilipomuuliza kwa nini, alisema,
"Beseni moja ni langu."

Mwende alipolazwa kwa homa ya mapafu
alikuja yeye na mumewe, Ombati, mtu wa maneno haba.
Wakaosha vyombo vilivyolala siku tatu,
wakaondoka kabla sijapata la kusema.
Sufuria yangu sikuwahi kuijua rangi yake hadi siku ile.

Au basi tarehe ni ya msiba.
Ombati alianguka kutoka ghorofa ya tano, mjengoni Ruaka,
mvua za masika zikiwa zimelainisha mbao.
Waumini walijaa, wakaimba, wakarudi makwao.
Usiku wa manane mlango wangu ukabishwa.
Hakutaka pasi. Alishika Biblia, imefunguka katikati.
"Nisomee," akasema. "Mimi leo siamini hata nukta.
Wewe huamini siku zote, umezoea. Nisomee tu."
Nikasoma, mimi, kwa vidole vya kutu,
nikikwama kwenye majina, nikirudia mistari,
naye akilia kama mtu anayehamisha kabati peke yake.
Kulipopambazuka sikujua tena
nilikuwa namsomea nani.

Baada ya hapo, Alhamisi. Watu saba sebuleni kwake,
chai ya tangawizi, kiti kibovu nilichokitia chuma.
Wakaniacha niulize maswali yenye miba.
Mzee Gathogo alinijibu mara tatu, "Hilo silijui,"
na kwa hilo nikamwamini.
Pombe nayo nimeiacha kwa simu:
kila siku saa kumi na mbili jioni, kiu inapoamka,
Gathogo hupiga kuuliza
geti la leo limepakwa rangi gani.
Nimeanguka mara mbili. Alipiga vilevile.

Kwa hiyo, Katibu, mstari wa nne nauacha wazi,
au andika: pasi.
Usinikasirikie. Najua makao makuu wanataka hesabu.

Juzi kijana amehamia mlango wa nne, Kiptalam,
muziki wake unatikisa vijiko vyetu.
Sijamwambia lolote.
Alikuja kuomba bisibisi, nikampa ile nzuri.
Wiki ya pili hii, hajairudisha.

Kesho nitakwenda kubisha.
Si bisibisi ninayoifuata,
lakini nitaiulizia,
apate sababu ya kufungua.